Mwongozo kamili: Kurekebisha 4WD ya trekta ndogo inayogoma kuingia, inayoruka au inayokataa kutoka

Trekta nyingi ndogo zinazoletwa kwangu na tatizo la 4WD (mfumo unaofanya magurudumu yote manne yavute) zimeshapita kwenye mikono ya mtu mmoja au wawili, na wote wamefanya jambo lile lile: wameizungusha fimbo ya nje mpaka leva ikasimama mahali panaporidhisha macho. Siku mbili baadaye leva inaruka shambani, meno yanasagika, na kazi ya nusu saa inageuka kuwa kazi ya kufungua giaboksi.

Leva haiamui chochote. Anayeamua kama 4WD imeingia ni gololi ndogo yenye springi iliyo ndani ya giaboksi, ile inayodondokea kwenye kishimo na kukupa mlio wa "tak". Kazi ya fimbo ya nje ni kuifuata gololi hiyo. Kwa hiyo marekebisho yote yanaanzia ndani kuja nje, kamwe si kinyume chake.

Mwongozo huu ni wa trekta zinazowashwa 4WD kwa leva ya mkono. Kama yako inatumia swichi ya umeme na klachi ya haidroliki, majaribio na marekebisho ya hapa hayaifai.

## Andaa hivi kwanza

- Kitabu cha trekta yako, hasa ukurasa wa upepo wa matairi, aina ya oili na nguvu ya kukazia bolti
- Jeki yenye uwezo unaozidi uzito wa trekta, na stendi mbili za chuma
- Kabari nne za magurudumu, na kabari mbili za mbao ngumu za kuweka juu ya ekseli ya mbele
- Spana, koleo, nyundo, na panchi (chuma cha kugongea pini itoke) inayolingana na unene wa pini za springi, zile zenye uwazi katikati
- Brashi ya waya, dizeli au mafuta ya kulegeza kutu, na matambara
- Chaki, kipima upepo, mkanda imara au kamba nene
- Grisi, pini mpya za springi, kotapini mpya (pini za waya zinazokunjwa ncha ili pini kubwa isichomoke)
- Beseni safi la kukingia oili, kwa tahadhari

Usinunue kipuri chochote bado. Nimeona watu wakifika na kaplingi mpya (kipande kinachounganisha shafti mbili) mkononi wakati ugonjwa ulikuwa upepo wa matairi.

## Hatua ya 1: Jua njia inayopitia nguvu

Leva inavuta fimbo. Fimbo inazungusha mkono mfupi ulio ubavuni mwa giaboksi. Mkono huo, kwa ndani, unasukuma uma (chuma chenye ncha mbili kama panda), na uma unasogeza slivu au gia inayoteleza juu ya spilaini, yaani ile mistari ya meno iliyochongwa kwenye shafti. Slivu ikishika, shafti fupi inayotokeza mbele ya giaboksi inaanza kuzunguka pamoja na magurudumu ya nyuma.

Kutoka hapo kuna kaplingi ya nyuma, propela shafti (mara nyingi imefichwa ndani ya bomba), kaplingi ya mbele, kisha difu ya ekseli ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa gurudumu la kulia na la kushoto) na gia za kwenye magurudumu. Utakachofanya ni kutafuta kiungo kimoja tu kilichokatika katika msururu huo.

## Hatua ya 2: Sikiliza dalili

Leva ngumu kutoka, hasa baada ya kupita kwenye lami au sakafu ya saruji. Mara nyingi hakuna kilichovunjika. Gia za mbele na nyuma zimekazana zenyewe kwa zenyewe. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita moja au mbili, kisha jaribu tena. Ikitoka kirahisi, nenda Hatua ya 3.

Leva inaingia laini lakini mbele hakuvuti. Huenda kaplingi imekwisha meno, pini imekatika, au kuna gia iliyovunjika ndani ya ekseli.

Leva inaingia, halafu inaruka trekta ikibeba mzigo. Hapa mshukiwa wa kwanza ni fimbo iliyorekebishwa vibaya, wa pili springi ya gololi, wa tatu meno ya slivu yaliyoliwa pembeni.

Kusagika wakati wa kuingiza. Angalia kwanza tabia yako. Kama kitabu hakikuruhusu kuingiza ikitembea, simamisha trekta kabisa. Usiingize kamwe wakati magurudumu ya nyuma yanateleza kwenye tope, kwa sababu shafti moja inakimbia na nyingine imesimama, na meno ndiyo yanayolipa.

## Hatua ya 3: Pima matairi kabla ya kulaumu giaboksi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na inaniuma kwa sababu haina gharama.

Magurudumu ya mbele yamepangwa yavute kidogo mbele ya yale ya nyuma. 4WD ikiwa imeingia, kwa mwendo wa ardhini yanataka kwenda haraka zaidi kwa takriban asilimia 1 hadi 5. Udongo laini unaimeza tofauti hiyo. Sakafu ngumu haiimezi, ndiyo maana gia zinakazana. Ukivalisha matairi ya mbele ya saizi nyingine, au ukaacha moja likakosa upepo, tofauti inaharibika na kila kitu kuanzia slivu mpaka gia za ekseli kinafanya kazi kikiwa kimekabwa.

Jaza upepo kama kitabu kinavyotaka. Hakikisha matairi mawili ya ekseli moja yanalingana kwa saizi, aina ya kashata (yale meno ya mpira yanayoshika udongo) na uchakavu. Kisha pima hivi:

1. Chora alama moja ya chaki kwenye tairi la nyuma. Kwenye tairi la mbele chora alama nane zilizoachana sawasawa, ili uweze kuhesabu visehemu vya mzunguko.
2. Kwenye udongo mgumu ulio tambarare, endesha pole pole bila mzigo, moja kwa moja, 4WD ikiwa imetoka. Msaidizi atembee kando, mbali na magurudumu, ahesabu mizunguko ya mbele wakati tairi la nyuma linazunguka mara 10.
3. Rudia mahali pale pale, 4WD ikiwa imeingia.
4. Toa hesabu ya kwanza kwenye ya pili, gawanya kwa ya kwanza, zidisha kwa 100.

Mfano: 4WD ikiwa imetoka, mbele kumezunguka mara 16, ikiwa imeingia, mara 16.5. Tofauti ni 0.5. Ukigawanya kwa 16 unapata kama asilimia 3.1, na hiyo ni trekta yenye afya.

Ukipata sifuri au chini yake, magurudumu ya mbele yanasukumwa badala ya kuvuta. Pengine matairi ya mbele ni madogo au yamekwisha. Ukipita asilimia 5, ama ya nyuma yamekwisha ama ya mbele ni makubwa mno. Katika hali zote mbili fimbo haina kosa. Tibu matairi kwanza.

Kama hesabu za mara ya kwanza na ya pili ni zile zile kabisa, usikimbilie kulaumu matairi: huenda 4WD haiingii kabisa. Hatua ya 5 itakuonyesha.

## Hatua ya 4: Inua mbele bila kujihatarisha

Tafuta sakafu ngumu iliyo tambarare. Zima injini, chomoa funguo, shusha zana iliyoko nyuma mpaka chini, kaza breki ya mkono, na weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya nyuma.

Kuna mambo mawili ambayo nakuomba uyashike kikamilifu.

La kwanza: breki za trekta nyingi ndogo ziko kwenye ekseli ya nyuma tu. Ukiinua nyuma, umeondoa breki. Kazi hii ni ya kuinua mbele peke yake, magurudumu ya nyuma yakiwa yamekanyaga chini.

La pili: ekseli ya mbele inabembea kwenye pini ya katikati. Trekta iliyoinuliwa kwa jeki chini ya ekseli inaweza kuinama upande ghafla na kukuangukia. Ingiza kabari za mbao kati ya ekseli na fremu, upande wa kulia na wa kushoto, kabla ya kuinua. Kisha inua, weka stendi, na ushushe uzito juu ya stendi. Usiingie chini ya trekta iliyoshikwa na jeki pekee.

Usiwashe injini wakati wowote trekta ikiwa hivi. Gia ikiingia, iwe 4WD imeingia au imetoka, magurudumu ya nyuma yatashika sakafu na kuisukuma trekta itoke kwenye stendi.

Umefaulu ikiwa matairi ya mbele hayagusi chini na ukiisukuma trekta kwa bega haitikisiki.

## Hatua ya 5: Tafuta mahali nguvu inapokatikia

Ondoa bomba au kifuniko cha propela shafti kwa kadiri inavyowezekana. Kwenye trekta nyingi bomba hilo linasogezwa nyuma au mbele baada ya kulegeza klipu. Chora mstari mmoja wa chaki unaopita juu ya shafti fupi ya giaboksi, kaplingi ya nyuma, propela shafti, kaplingi ya mbele, na shafti inayoingia kwenye difu.

Sasa ingiza 4WD. Funga gurudumu moja la mbele kwa mkanda ulioshikizwa kwenye ekseli, ili lisizunguke. Zungusha la pili kwa mikono.

Kwa nini ulifunge? Kwa sababu ya difu. Ukiliacha huru, ukizungusha moja mbele, jingine litazunguka nyuma, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Watu wengi huliona hilo wakaamini kwamba difu imekufa, wakaifungua bila sababu.

Gurudumu likiwa limefungwa, soma chaki:

- Gurudumu linacheza kidogo kisha linakwama. Njia ni nzima kutoka mwanzo hadi mwisho kwa nguvu ya mkono. Tatizo liko kwenye marekebisho au kwenye gololi, au meno yanashika kidogo tu na kuruka kwenye mzigo.
- Gurudumu linazunguka, chaki yote imetulia. Kuna kilichovunjika ndani ya ekseli ya mbele: shafti ya pembeni, gia ya gurudumu, au difu yenyewe.
- Shafti ya difu inazunguka, propela imesimama. Kaplingi ya mbele.
- Propela inazunguka, shafti fupi ya giaboksi imesimama. Kaplingi ya nyuma.
- Vyote vinazunguka mpaka shafti fupi. Slivu haijashika ndani ya giaboksi. Nenda Hatua ya 6 kabla ya kufungua chochote.

Toa 4WD na urudie. Safari hii chaki yote inatakiwa izunguke kwa uhuru. Ikikwama, slivu haijaachia.

Ukiwa hapo hapo, badilisha upande: funga gurudumu la pili na uzungushe la kwanza. Upande mmoja unaweza kuwa mzima na mwingine umevunjika.

## Hatua ya 6: Rekebisha fimbo, ukianzia ndani

Hapa ndipo wengi hukosea. Usiharakishe.

Safisha. Sugua fimbo, pini na mkono kwa brashi na dizeli. Usipige maji ya presha kwenye oili sili ya mkono (mpira unaozuia oili kuvuja), yatapenya ndani. Paka mafuta ya kulegeza kutu kwenye kila kiungo, subiri robo saa.

Kagua uchakavu. Shika fimbo uitikise. Tundu lililotanuka na kuwa refu kama yai, pini iliyolika kiuno, bushi iliyopasuka: kila kimoja kinaiba milimita chache, na safari nzima ya uma ni fupi. Badilisha vilivyochoka kabla ya kurekebisha, kwa sababu huwezi kurekebisha ulegevu. Angalia pia kama fimbo imepinda kwa kugongwa na kisiki. Inyooshe ikiwa nje ya trekta. Usiipige ikiwa mahali pake.

Tenganisha. Chomoa kotapini na pini, uiondoe fimbo kwenye mkono wa giaboksi. Sasa mkono uko huru na leva haiuamrishi tena.

Tafuta vituo viwili kwa mkono. Sogeza mkono wa giaboksi polepole mpaka usikie "tak", kisha upande wa pili mpaka "tak" nyingine. Kimoja ni kituo cha kuingia, kingine cha kutoka. Ukikwama katikati, meno yamekutana uso kwa uso: zungusha propela shafti kidogo huku ukisukuma, yataingia. Chora mstari wa chaki kwenye giaboksi kuonyesha mkono unasimama wapi katika kila kituo.

Kama hakuna "tak" hata moja, au mkono unateleza kama kisu kwenye siagi, ruka hadi Hatua ya 8. Hakuna urefu wa fimbo utakaoponya hilo.

Ilinganishe fimbo. Acha mkono kwenye kituo cha kuingia. Weka leva kwenye nafasi ya kuingia, ikiwa imebakiza upenyo mdogo kabla ya kugonga mwisho wa tundu lake. Legeza nati ya kufungia na uzungushe ncha ya fimbo mpaka pini iingie kwenye tundu lake bila kusukumwa wala kuvutwa.

Jua kipimo cha fimbo yako: fimbo ya M8 (uzi wa kipenyo cha milimita 8) yenye uzi wa kawaida inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko mmoja wa ncha, ya M10 inasogea 1.5. Kama fimbo ina uzi wa kulia upande mmoja na wa kushoto upande wa pili, ukizungusha fimbo yenyewe mwendo unakuwa maradufu. Rekebisha kwa nusu mzunguko na ujaribu, usizungushe mara tano kwa pupa.

Hakiki upande wa pili. Rudisha pini, sogeza leva kwenye nafasi ya kutoka. Gololi idondoke kwenye kishimo chake *kabla* leva haijagonga mwisho wa tundu. Upenyo ubaki pande zote mbili. Kama upande mmoja unabaki nafasi kubwa na mwingine leva inagonga mapema, gawanya tofauti. Ukilazimika kuchagua, upe kituo cha kuingia kipaumbele, kwa kuwa slivu iliyoshika nusu ndiyo inayokula meno. Lakini kama hata hivyo kituo cha kutoka hakifikiwi, bado kuna kiungo kilichochoka au leva imepinda.

Kaza nati ya kufungia, weka kotapini mpya.

Umefaulu ikiwa mkono wa giaboksi unarudi sawasawa kwenye mistari yako ya chaki kila unaposogeza leva, mara kumi mfululizo, na leva haigongi chuma popote.

## Hatua ya 7: Kaplingi iliyokwisha

Gonga pini ya springi itoke kwa panchi inayolingana nayo. Panchi nyembamba itaingia ndani ya pini na kuitanua, na hapo utakuwa na kazi mpya. Baadhi ya trekta zinatumia klipu ya duara badala ya pini. Vaa miwani unapoitoa.

Telezesha kaplingi, futa grisi yote, tazama meno mwangani. Meno mazima yana vichwa bapa. Yaliyochongoka kama meno ya msumeno, au yaliyolika upande mmoja na kuacha ngazi, hayafai. Angalia shafti kwa makini vile vile: kaplingi mpya juu ya shafti iliyokwisha italiwa haraka.

Tafadhali usichomelee. Joto linaharibu ugumu wa chuma cha shafti, linaunguza oili sili iliyo karibu, na siku utakapotaka kufungua itakubidi ukate.

Paka grisi, rudisha, pini mpya, na uhakikishe vifuniko vya mpira vya bomba vimekaa vizuri. Tope lililoingia humo ndilo lililoua kaplingi ya kwanza.

## Hatua ya 8: Gololi, springi na uma

Kwenye baadhi ya trekta gololi na springi vimekaa chini ya bolti fupi nje ya giaboksi, karibu na mkono. Kitabu kitakuonyesha. Safisha eneo lote kwanza, kisha fungua taratibu huku umeweka kidole au sumaku, maana springi inaweza kuruka. Springi iliyofupika kuliko mpya, iliyovunjika, au gololi yenye kutu, badilisha. Usiweke washa (kile kibati cha duara chenye tundu) chini ya springi ili kuiongezea nguvu: leva itakuwa ngumu, na mtu atailazimisha mpaka uma upinde.

Ikiwa springi ni nzima na slivu bado inaruka, tatizo ni uma au meno ya slivu, na hapo kifuniko kinafunguliwa. Mwaga oili kwanza kwenye beseni safi, maana mara nyingi kiwango chake kiko juu ya mkono huo. Pitisha sumaku kwenye oili. Unga mwembamba wa kijivu ni wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Rangi ya maziwa maana yake maji yameingia.

Kama hujawahi kufungua giaboksi, simama hapa na umwite fundi aliyewahi. Utamfikishia taarifa ambazo wengi hawana: umeshapima matairi, umeshajua propela na ekseli ni nzima.

Wakati wa kurudisha oili, tumia ile iliyotajwa kwenye kitabu pekee. Trekta nyingi ndogo zinatumia oili moja kwa gia, haidroliki na breki zinazoloa ndani ya oili. Oili ya gia ya kubahatisha inaweza kuharibu breki zako.

## Hatua ya 9: Jaribio la mwisho

Ukiwa bado kwenye stendi, rudia jaribio la Hatua ya 5: imeingia, gurudumu linakwama, imetoka, chaki inazunguka huru. Rudisha vifuniko, toa mkanda uliofunga gurudumu, shusha trekta, ondoa kabari zote zikiwemo za juu ya ekseli.

Nenda kwenye udongo laini. Ingiza 4WD trekta ikiwa imesimama, kisha vuta mzigo wa wastani kwa gia ya chini. Fundi au msaidizi aliyesimama pembeni aangalie matairi ya mbele: kashata zichimbe, zisiburuzwe. Rudi nyuma ukiwa na mzigo huo pia, kwa sababu slivu iliyolika upande mmoja huruka katika mwelekeo mmoja tu. Simama, toa. Leva itoke kwa nguvu ya kawaida ya mkono, labda baada ya kurudi nyuma kidogo.

Baada ya saa 10 za kazi, kagua nati ya kufungia ya fimbo, kotapini, na eneo la oili sili ya mkono kama kuna unyevu. Nati iliyolegea hapo ni robo mzunguko tu wa spana, lakini ikiachwa fimbo itajirefusha yenyewe na utajikuta umerudi Hatua ya 2.